Santuri Iliyoipa Sinema Sauti

Kwa takriban miaka 30 ya mwanzo, sinema nyingi zilikuwa bubu. Mazungumzo yalisomwa kwenye skrini, na muziki ulipigwa papo hapo ukumbini. Mwaka 1926, kampuni ya Warner Bros. ya Marekani ilizindua Vitaphone, mtambo uliounganisha projekta na santuri ili viende kwa mwendo mmoja.

Santuri ilikuwa na upana wa inchi 16. Ilicheza takriban dakika 11, muda wa rili moja ya filamu, na sindano ilianzia katikati kuelekea ukingoni.

Tarehe 6 Oktoba 1927, filamu ya *The Jazz Singer*, iliyotumia mtambo huo, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza jijini New York. Sehemu kubwa yake bado ilikuwa bubu, lakini watazamaji walimsikia mwigizaji wake mkuu, Al Jolson, akiimba na kuzungumza.

Hata hivyo, sindano iliporuka, au utepe wa filamu ulipokatika na kuungwa ukiwa mfupi, midomo ilisema lake na sauti lake. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, sauti ilihamia pembeni mwa utepe wenyewe wa filamu, na santuri zikawekwa kando.