Moyo na Kutu Yake: Tiba ya Moyo katika Historia ya Kiswahili



Mimi si mwanazuoni wa fiqhi wala shehe wa tarika. Ni mwanaisimu ambaye amezeeka akiyafuatilia maneno. Kwa hiyo ninalokusudia kulijadili ni jinsi Waislamu wa upwa wa Afrika Mashariki walivyouzungumzia moyo kama kiungo kinachougua na kuhitaji tiba, na jinsi lugha yao ilivyoihifadhi historia ya tiba hiyo.

Mgonjwa na majina ya maradhi

Msingi wa elimu hii unafahamika. Hadithi iliyopokewa kwa Nu'man bin Bashir, ambayo imo katika mikusanyo ya Bukhari na Muslim, inafundisha kwamba hali ya mwili mzima inategemea pande moja la nyama, nalo ni moyo. Qurani nayo, katika sura ya 26, inaeleza kwamba siku ambayo mali na watoto havitamfaa mtu, atakayefaulu ni yule atakayekuja na moyo uliosalimika. Katika sura ya 83 inasema kwamba yale wanayoyachuma waovu huzitanda nyoyo zao mithili ya kutu.

Neno la Kiarabu la moyo ni qalb, na mzizi wake una maana ya kugeuza na kupindua. Wanazuoni wameirejelea sana maana hiyo: moyo ni kigeugeu, ndiyo maana Mola huombwa, kwa sifa yake ya Mwenye kuzigeuza nyoyo, authibitishe. Waswahili walipoipokea dini walipokea na msamiati wake mwingi: imani, toba, nia, subira, dhikri. Hata hivyo, katika mazungumzo ya kila siku hawakuiweka qalb mahali pa moyo. Walibaki na neno lao la Kibantu, na washairi wakaendelea kutumia pia mtima, neno ambalo Waganda wanalo katika omutima na Wachewa katika mtima. Katika Kichewa, moyo ni uhai. Neno lililokabidhiwa mafundisho ya qalb, basi, lilikuwa na uzito wake tangu zamani.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Mgonjwa ana jina la nyumbani, ilhali maradhi yake mengi yana majina yaliyotoka ng'ambo: kiburi, riya, husuda, unafiki, ghururi. Hayo ni majina ya darasani, yaliyoletwa na vitabu na walimu. Si yote, lakini. Kando ya husuda tunalo neno kijicho, ambalo halihitaji kamusi: maradhi huingilia machoni, mtu anapoitazama neema ya mwenzake kwa jicho lililosinyaa.

Maneno mengine yalibadilika njiani. Ghafla kwa Kiarabu ni hali ya kutozindukana, ambayo walimu wa tasawufi huihesabu kuwa mzizi wa maradhi mengi. Kiswahili kiliihifadhi maana hiyo katika kitenzi kughafilika, bali neno ghafla lenyewe likawa jina la namna jambo linavyotokea. Maana hizo mbili hazijaachana kabisa. Mauti huja kwa ghafla kwa sababu aliyejiwa alikuwa ameghafilika. Neno roho nalo, licha ya utukufu wake, tumelitumia hata kutaja tamaa ya chakula: mlafi ni mroho, na tabia yake ni uroho.

Kutoka Baghdad hadi Pate

Tiba ya moyo ilikuwa na waandishi wake mapema. Al-Harith al-Muhasibi, aliyefariki Baghdad mwaka 857, alipata lakabu yake kutokana na muhasaba, yaani mtu kujihesabu mwenyewe. Mzizi wake ni ule ule wa neno letu hesabu. Karne mbili baadaye akaja Abu Hamid al-Ghazali (1058–1111). Mwaka 1095, akiwa mwalimu mashuhuri wa madrasa ya Nidhamiya huko Baghdad, aliikagua nia yake ya kufundisha akaona kwamba haikuwa safi, bali ilisukumwa na kutafuta jaha na sifa. Ulimi wake ukafungika asiweze kusomesha. Akauacha mji. Kitabu chake kikubwa, Ihya Ulum al-Din, kina vitabu 40 katika robo nne, na robo ya tatu, inayohusu mambo yaangamizayo, inafunguliwa kwa kitabu cha maajabu ya moyo. Humo moyo umelinganishwa na kioo: ukisuguliwa huonyesha haki, ukiachwa hufifia.

Kitabu hicho kilipata heshima ya pekee kwa masharifu wa Hadhramaut, na kwa njia ya masharifu hao elimu yake ilivuka bahari. Ratibu ya Abdallah bin Alawi al-Haddad (1634–1720) wa Tarim inasomwa hadi leo katika misikiti ya mwambao. Katika ukoo wa masharifu hao alizaliwa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, aliyetunga Al-Inkishafi mwanzoni mwa karne ya 19, wakati nguvu za Pate zilipokuwa zimeporomoka. Anwani yenyewe inatokana na mzizi wa kufunua.

Msomaji wa leo huvutiwa na picha za majumba: taa zilizowaka, vyombo vya thamani katika vidaka, kisha popo na ukimya. Lakini tuulize: mtunzi anasema na nani? Hasemi na watawala wala na waumini waliokusanyika, bali anausemesha moyo wake. Magofu ya mji ni ushahidi anaouwekea moyo huo mbele ili uzinduke. Pate ilikuwa mji wa wafanyabiashara waliojua kutunza hesabu. Mtunzi aliichukua hasara ya mji mzima akaiingiza katika daftari la nafsi yake. Huo ndio muhasaba kwa Kiswahili.

Tiba ya hadharani

Haifai kudhani kwamba tiba hii ilikuwa ya faraghani tu. Mwishoni mwa karne ya 19, Habib Saleh, sharifu aliyetoka Ngazija akahamia Lamu, aliwafungulia darasa watu ambao waungwana wa mji waliwadharau kwa nasaba zao, wakiwamo wenye asili ya utumwa. Msikiti wa Riyadha ulikua kutokana na kazi hiyo. Kiburi cha ukoo kilitibiwa kwa kukaa mkeka mmoja, na baadhi ya wakubwa wa mji hawakuipenda dawa hiyo.

Hitimisho

Nikiwa mtafiti kijana nilikwenda kwa bibi mmoja mzee huko mwambao kukusanya majina ya maradhi ya moyo. Nikamwomba, “Bibi, nieleze riya ni nini.” Akakitazama kinasa sauti changu, akasema, “Mwanangu, hebu zima hicho kwanza. Kama kazi hii isingeandikwa jina lako, ungekuja?” Nilicheka, kisha nikanyamaza. Sikuwa na jibu siku ile, na leo, mbele ya hadhira hii iliyonikaribisha kwa sifa nyingi, ninaliogopa swali lile zaidi.

Katika miaka yangu ya kazi nimeorodhesha majina ya maradhi haya na asili zake. Al-Ghazali aliyajua zaidi ya sisi sote, na ujuzi huo haukumponya mpaka alipojihesabu. Kamusi humtajia mgonjwa maradhi yake. Kuisugua kutu ni kazi ya kila mwenye moyo.