Bwana Wayland na Mafuta ya Ziwa Albert

Watu wengi hudhani ya kuwa mwenye elimu ni yule asiyekosea kamwe. Sisi tufundishao watoto twajua kuwa sivyo. Basi leo twataka kuwasimulia wasomaji wetu habari za Bwana Edward James Wayland, mjuzi wa miamba aliyeyachunguza mafuta ya ardhini katika Uganda. Mtu huyu alikosea katika mambo makubwa, wala kazi yake haikupotea.

Alizaliwa London mwaka 1888. Kabla ya kufika Uganda alikwisha kuchunguza mawe na madini katika Msumbiji, kisha katika kisiwa cha Ceylon, ambacho siku hizi huitwa Sri Lanka. Mwaka 1919 akawekwa kuwa mkuu wa idara mpya ya kuchunguza miamba ya Uganda, yenye makao yake Entebbe, akadumu katika kazi hiyo miaka ishirini.

Magharibi ya Uganda, mpakani mwa Kongo, lipo Ziwa Albert. Limelala katika bonde refu lililozungukwa na magenge marefu. Kando yake kipo kijiji cha Kibiro, ambako wanawake wamepika chumvi tangu zamani sana. Na huko, kama mahali pengine kadha wa kadha bondeni, mafuta mazito meusi hutoka ardhini yenyewe. Watu wakaao huko hawakungoja mgeni awaonyeshe. Kazi ya Wayland ilikuwa kuzipima dalili hizo na kuziandika. Mwaka 1925 akatoa kitabu juu ya mafuta ya Uganda, na chemchemi za mafuta alizozikusanyia habari zilikuwa 52.

Huenda msomaji akauliza, mafuta hayo yatoka wapi? Zamani za kale, mimea na viumbe vidogo vya majini vilikufa vikazama katika matope ya ziwa. Matope mengine yakaja juu yake, tabaka juu ya tabaka, hata yale ya chini yakafika penye joto kali, na mabaki yale yakageuka kuwa mafuta. Nayo mafuta, kwa kuwa ni mepesi kuliko maji, hupanda polepole katika mawe ya mchanga yenye vitundu, mpaka yazuiwe na udongo mgumu usiopitika. Yakipata ufa, hutoka nje. Kwa hiyo chemchemi ya mafuta huonyesha mambo mawili: ya kwamba mafuta yamefanyika chini, na ya kwamba mengine yamekwisha kuvuja. Kama yamebaki ya kutosha au sivyo, hakuna ajuaye mpaka ardhi itobolewe.

Mwaka 1938 kampuni moja ilichimba kisima karibu na Butiaba, pwani ya ziwa hilo. Kilishuka zaidi ya mita 1,200, wakakuta dalili za mafuta, lakini si mafuta ya kuuzwa. Mwaka uliofuata vita ikazuka Ulaya. Wayland naye akaacha kazi yake Uganda, na baadaye akafanya kazi Bechuanaland, ndiyo Botswana ya leo. Akafariki mwaka 1966, na mafuta ya Ziwa Albert yangali chini.

Sasa tutazame makosa yake. Bwana J. W. Gregory, aliyelichunguza Bonde la Ufa la Kenya mwaka 1893, alisema kwamba nchi ilivutwa huku na huku, ikapasuka, na sehemu ya katikati ikadidimia. Wayland alikataa. Alisema kwamba bonde la Ziwa Albert lilifanyika kwa kusukumwa, kama kwamba pande mbili za nchi zilikaza katikati. Leo wataalamu wamekubali kwamba nchi huvutwa. Tena Wayland aliokota mawe katika bonde la mto Kafu, akadhani yalichongwa na watu wa kale kabisa. Mwaka 1959 mchunguzi W. W. Bishop alionyesha kwamba mawe ya namna ile yaweza kuvunjika yenyewe, pasipo mkono wa mtu. Basi zana zile zikafutwa katika habari za kale.

Je, tuseme mtu huyu alifanya kazi bure? Hata kidogo. Yaliyoanguka ni yale aliyoyadhani; yale aliyoyaona kwa macho na kuyaandika mahali pake, yalisimama. Chemchemi hazikubadilika kwa sababu maelezo ya bonde yamebadilika. Mwaka 1983 ndege ilipita juu ya bonde ikipima nguvu ya sumaku ya miamba, ili kujua unene wa matope ya kale. Kisha wananchi wa Uganda waliosomea kazi hiyo, mmoja wao Bwana Reuben Kashambuzi, wakaushika uchunguzi miaka mingi. Mwaka 2006 mafuta yakapatikana katika kisima cha Mputa, wilaya ya Hoima, miaka 81 baada ya kitabu cha Wayland. Baadaye ilikadiriwa kwamba chini ya bonde yamo mapipa bilioni 6.5, ingawa yawezayo kutolewa ni kama bilioni 1.4 tu.

Mwaka 2022 ilikatwa shauri la kujenga bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima mpaka Chongoleani, karibu na Tanga. Ni lazima lipashwe moto njia nzima, maana mafuta haya yana nta, yakipoa huganda. Faida yake na hasara yake, hasa kwa wenye mashamba, ni jambo la wananchi kulipima, wala si kazi ya mjuzi wa miamba peke yake.

Basi sisi walimu na tuwafundishe watoto kugawa ukurasa mara mbili: upande mmoja waandike waliyoyaona, upande wa pili wanayoyadhani. Upande wa pili waweza kufutwa kesho bila aibu. Ule wa kwanza, ukiandikwa kwa uaminifu, waweza kumfaa mtu ambaye hajazaliwa.