Kujisaili

Wanasaikolojia wa elimu wanaitambua mbinu moja ya kusoma: mwanafunzi anafunga kitabu, anajilazimisha kueleza alichosoma kwa mdomo au kwa kalamu, ndipo anafungua na kujisahihisha. Wapo wanaoiita "marudio". Jina hilo linapotosha, maana kurudia kwa mazoea yetu ni kusoma tena daftari lilelile.

Tofauti yake imepimwa. Mwaka 2006, nchini Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu vifungu vya kusoma. Kifungu kimoja walikisoma tena. Kingine waliandika walichokikumbuka, bila kusahihishwa. Baada ya dakika 5, kilichosomwa tena ndicho kilichokumbukwa zaidi. Baada ya wiki moja walikumbuka asilimia 42 ya kilichosomwa tena, na asilimia 56 ya kile kilichoandikwa kwa kukumbuka. Ndiyo maana zimamoto ya usiku wa mtihani hudanganya: asubuhi inasaidia, wiki ijayo haimo.

Kule Kikole, wilayani Kilwa, Tanzania, mbinu hii ina kazi. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha FSC cha usimamizi bora wa misitu, ikiwa ya kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanavijiji. Katika misitu hiyo, mtu anayepima mti wa mpingo anazungusha futi kamba kwenye shina, mita 1.3 kutoka ardhini; akipata mzingo wa sentimita 90, anagawa kwa 3.14, kipenyo ni kama 29. Daftari la semina alikojifunza kupima liko nyumbani. Hatua hizo zitamjia upesi zaidi aliyewahi kuulizwa siku tofauti tofauti, mikono mitupu, kuliko aliyezisoma mara kumi.

"Kukariri" nako hakufai. Kwa walimu wetu ni kushika maneno bila kuelewa, ilhali mbinu hii huuliza pia "kwa nini mita 1.3?"

Mimi nachagua "kujisaili". Kusaili ni kuhoji kwa kina, na kila aliyetafuta ajira anaujua usaili. Wahakiki wa fasihi hulitumia neno hili kwa mhusika anayejihoji nafsi, lakini muktadha utatofautisha.

Naiomba BAKITA ilipokee. Walimu wa Kilwa wasisubiri kamusi: kipindi cha kesho kianze kwa maswali matatu ya somo la jana, vitabu vikiwa vimefungwa.