Kutoka Shingoni Hadi Kwenye Droo ya Soja

Wazee wengi hapa Kenya bado wanakiita kitambulisho "kipande". Wanasema tu, bila uchungu, kama mtu anavyotaja duka lililofungwa zamani. Lakini neno hilo lina historia yake, na historia hiyo iko pale getini kila asubuhi soja anapokuambia: "Wacha ID hapa, uchukue kadi ya mgeni."

Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa 1915. Vita Vikuu vya Kwanza vikaichelewesha, ikaanza kutekelezwa kati ya 1919 na 1920. Kila mwanaume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alitakiwa kubeba karatasi yenye jina lake, kabila, alama za vidole, mwajiri na mshahara. Karatasi ilikaa ndani ya kikebe cha chuma, na wengi walikifunga kamba wakakivaa shingoni. Wakikuyu wakakiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi. Anayemvisha mbuzi kengele hana haja na jina lake. Anataka tu kumsikia akitoka malishoni.

Kazi yenyewe ilifanyika hivi. Mfanyakazi akitaka kuondoka, mwajiri alipaswa kutia sahihi ya kumwachilia. Kama hakuna sahihi, hakuna kazi kwingine, na ukishikwa njiani ni faini ama jela. Mlowezi mwenye hasira angeweza kukufunga kwa kalamu tu. Siku hizi watu wa kompyuta maofisini hutenganisha maswali matatu: huyu ni nani, ameruhusiwa kufika wapi, na amefanya nini akiwa ndani. Kipande kiliyachanganya yote matatu kwenye karatasi moja, na aliyeandika hakuwa yule aliyebeba.

Harry Thuku, opereta wa simu katika ofisi za Hazina jijini Nairobi, alikitaja kipande pamoja na kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulijaa nje ya kituo cha polisi ukidai aachiliwe, na wanaume walipoanza kusitasita, Muthoni Nyanjiru akawaaibisha mbele ya watu wote. Risasi zikalia. Serikali ilihesabu waliokufa kuwa 21, wengine wakasema ni zaidi. Muthoni alikuwa miongoni mwa waliouawa, na sheria haikuwa imemtaka yeye abebe kipande chochote.

Mwaka wa 1947 sheria mpya ikasema watu wa rangi zote wasajiliwe. Hapo ndipo walowezi walipogundua kwamba wino unachafua. Wakapiga kelele kwamba alama za vidole ni mambo ya wahalifu. Kwa karibu miaka thelathini vidole vya Waafrika vilikuwa vimechovywa, na hilo halikuwa limewasumbua.

Kisha ikaja Hali ya Hatari. Tarehe 24 Aprili 1954, wanajeshi na polisi wapatao 25,000 waliizingira Nairobi. Wakikuyu, Waembu na Wameru wakatengwa na wengine, wakapitishwa mbele ya mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho. Gakunia akitikisa kichwa, unapakiwa kwenye lori, safari ya Lang'ata, Mackinnon Road ama Manyani. Kumbe hata karatasi ikiwa sawa, bado aliyesimama mlangoni ndiye mwenye neno la mwisho.

Uhuru haukuliondoa geti. Wanawake waliingizwa kwenye usajili 1978, na umri ukapandishwa hadi miaka 18 mwaka wa 1980. Mwishoni mwa 1989 Wasomali wa Kenya wakapangwa foleni kuchujwa upya, wakapewa kadi za pinki juu ya vitambulisho walivyokuwa navyo tayari.

Geti tunalolijua leo, lakini, lilizaliwa na bomu. Asubuhi ya 7 Agosti 1998 lori lilifika nyuma ya ubalozi wa Marekani, kwenye makutano ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue. Walinzi waliokuwa pale nyuma walikuwa Wakenya, hawana bunduki. Waliamriwa wafungue. Hawakufungua. Mlinzi akajaribu kuwafikia wanajeshi wa Kimarekani waliokuwa ndani kwa redio na kwa simu, asipate mtu. Guruneti likarushwa, watu maofisini wakakimbilia madirishani kuona kuna nini, kisha lori likalipuka. Walikufa watu 213, wengi wao Wakenya waliokuwa nje ya ubalozi. Jengo la jirani, Ufundi, liliporomoka lote.

Ukiniuliza, yule soja alifanya kazi yake kuliko mtu mwingine yeyote siku hiyo. Geti halikufunguka. Shida ilikuwa jengo kukaa barabarani kabisa, jambo ambalo Balozi Prudence Bushnell alikuwa ameshaliandikia Washington kulilalamikia, na kwamba mtu wa mlangoni hakuwa na njia ya uhakika ya kusikika ndani. Sisi tukachukua somo rahisi: tuongeze mageti. Baada ya Westgate, Septemba 2013, watu 67 wakiwa wamekufa, kila duka kubwa likanunua kile kirungu cha kupitisha mwilini. Kinalia, soja anasema "pita". Buti ya gari inafunguliwa, begi lililo kiti cha nyuma haliguswi. Mwenye suti anasalimiwa. Kijana wa nduthi aliyeleta chakula anaambiwa azunguke nyuma.

Sheria ya walinzi binafsi ya 2016, kifungu cha 48, ilimruhusu soja kuuliza kitambulisho, kuandika saa ya kuingia na kutoka, na kukishika kwa muda. Inasema pia kwamba habari hizo zisitumiwe kwa jambo lingine. Sheria ya kulinda data ikafuata 2019. Lakini kitabu cha wageni kiko wazi mezani, na anayeandika mstari wa kumi anaona jina, namba ya kitambulisho na simu ya wote tisa waliotangulia. Juni 2021 Wakenya wengi waliingia kwenye mtandao wa serikali wakajikuta ni wanachama wa vyama vya siasa wasivyovijua. Watu wakaanza kukumbuka vitabu vyote walivyowahi kujiandika.

Maofisi yenye pesa yameacha kitabu, yanatumia mashine ya kidole. Ni kidole kilekile, ila wino hakuna. Na huko kosa limegeuka: zamani mwajiri alikataa kumwachilia mtu, leo anamwachilia halafu anasahau kumfungia, paswodi yake inafanya kazi miezi mingi baada ya kuaga. Kwingine kote bado ni droo. Jioni, zamu ya saa kumi na mbili ikiisha, ndani mna vitambulisho viwili vitatu vya watu waliosahau. Soja anavifunga na raba na kumkabidhi mwenzake wa usiku.