MBAO ZA UWANJANI ZISIPIGWE RANDA

Ndugu wanafunzi wa zamani, nanyi vijana mliopo shuleni sasa,

Historia ya shule huandikwa mara mbili. Mara ya kwanza huandikwa ofisini, katika rejista. Mara ya pili huandikwa na wanafunzi wenyewe, kwa kisu na msumari, mwalimu wa zamu akiwa hayupo. Makala hii yahusu maandishi hayo ya pili.

Jukwaa la zamani la uwanja wetu wa michezo lilipobomolewa, mbao kumi na moja za mabenchi yake ziliokolewa zisiende jikoni kuwa kuni. Sasa zimo stoo, na limetolewa pendekezo zipigwe randa na vanishi ziwe rafu za maktaba. Nia ni njema, maana mbao ni ghali na vitabu vimelala sakafuni. Hata hivyo, naiomba Kamati izisome mbao hizo kabla ya kumwita fundi.

Hapana budi kwanza tukumbuke nchi tuliyokulia. Huku Mbulu na Hanang mtoto hujifunza kukimbia kabla ya kujua kuwa kukimbia ni mchezo. John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, alianguka na kuumia katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City tarehe 20 Oktoba 1968. Alimaliza wa mwisho kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Lakini alimaliza, na dunia haijamsahau. Filbert Bayi alitoka Karatu, ambayo siku hizo ilikuwa ndani ya Wilaya ya Mbulu. Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, New Zealand, alivunja rekodi ya dunia ya meta 1500. Naye Gidamis Shahanga wa Hanang alishinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton mwaka 1978.

Sasa tazameni mbao zetu. Mmoja umechongwa hivi: BAYI 3.32.2. Kijana wa leo atasema mchongaji alikosea, kwa kuwa vitabu vya sasa huandika 3:32.16. La hasha! Wakati ule rekodi ya mbio hizo ilitambuliwa kwa sehemu za kumi za sekunde, na 3:32.2 ndiyo iliyoingizwa katika orodha ya rekodi. Yaelekea basi mwenzetu yule aliipata kwenye redio au gazeti la siku zile, akaichonga habari ikiwa bado moto. Rejista gani ya ofisini itatueleza kwamba habari ya Christchurch iliwafikia wanafunzi wa milimani, wakaiona ni yao?

Ubao mwingine una jina moja tu na mwaka 1975. Wenzake wa darasa wanamfahamu. Alikwenda katika Vita vya Kagera vya 1978–79 wala hakurudi. Simtaji hapa, kwa sababu jamaa zake hawajaulizwa. Rejista ya darasa lake ililiwa na mchwa, na picha yake haipo. Herufi zile sita ndizo alama pekee aliyoacha katika shule hii. Tukizipiga randa, tutakuwa tumemfuta kwa mikono yetu.

Wapo watakaosema kwamba huo ulikuwa utundu, na utundu haustahili makumbusho. Waende Mombasa. Katika ngome ya Fort Jesus, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, askari wa karne ya 17 walichora ukutani merikebu, samaki na watu, kwa makaa na udongo mwekundu. Hawakuagizwa na mtu. Michoro hiyo leo hutunzwa kwa heshima, kwa kuwa inatueleza mambo ambayo barua za makapteni hazikuyasema.

Hata Marekani, wapenzi wa mchezo wa besiboli wanalijua jambo hili. Viwanja vyao vya kale vilipobomolewa, kama Ebbets Field mwaka 1960 na Yankee Stadium ya zamani, ambayo ubomoaji wake ulikamilika mwaka 2010, viti vilinunuliwa na mashabiki. Mtunzaji mwenye busara hakwangui rangi kuukuu wala kufuta jina lililokwaruzwa juu yake, kwani kiti kikishang'arishwa huwa kiti tu, kama kingine cha dukani. Mwaka 2016, timu ya Chicago Cubs ilipopata ubingwa ilioukosa tangu 1908, mashabiki waliandika kwa chaki kwenye kuta za Wrigley Field majina ya wazee wao waliokufa wakiungoja ushindi huo. Chaki huondoka na mvua. Yetu yamo ndani ya mti.

Kazi yenyewe si ya gharama kubwa. Mbao zifutwe vumbi kwa brashi laini na kavu. Zisioshwe, zisipigwe msasa, wala zisipakwe mafuta au vanishi. Ziinuliwe juu ya matofali, mbali na ukuta na mchwa, mahali penye hewa na pasipo jua kali. Zipigwe picha asubuhi, mwanga ukitokea ubavuni, maana hapo hata mchongo hafifu huonekana. Kisha kila ubao upewe namba, na maneno yake yaandikwe daftarini pamoja na maelezo ya wanaomkumbuka mchongaji. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wanaokumbuka tunapungua kila mwaka, kwa hiyo kazi ya daftari ndiyo ya kuharakisha.

Nanyi vijana, makala hii si ruhusa ya kuchonga madawati. Dawati ni la mwenzako atakayekuja kesho. Ila ombeni ubao mmoja mpya uwekwe uwanjani, ili kila darasa linalomaliza liandike majina yake kwa idhini.

Kuhusu rafu za maktaba, mimi niko tayari kuchangia mbao mpya, na naamini sitakuwa peke yangu. Kamati ikikutana siku ya mkutano wetu, naomba hoja hii iwe ya kwanza, kabla ya chakula.