Neno “Witch-doctor” na Uganga wa Abagusii

Makala haya yanachunguza neno la Kiingereza lililochakaa, “witch-doctor”, na matumizi yake kwa waganga wa Kisii na Nyamira. Hoja yetu ni kwamba neno hili liligeuka maana, na sheria ya kikoloni ikaligeuza geuko hilo kuwa hukumu.

Kietimolojia, kijenzi cha kwanza kinatokana na Kiingereza cha Kale: “wicca” kwa mchawi mwanamume na “wicce” kwa mwanamke. Cha pili ni cha Kilatini, na asili yake ni kufundisha. Neno ambatani hili linapatikana katika kitabu cha Francis Hutchinson kuhusu uchawi, kilichochapishwa mwaka 1718. Humo linamtaja Mwingereza aliyeendewa na waliodhani wamerogwa. Yaani, alikuwa tabibu dhidi ya uchawi. Hata hivyo, muundo wa neno hauonyeshi uhusiano wa vijenzi vyake: je, ni tabibu anayempinga mchawi, au tabibu aliye mchawi? Waingereza walipowaita waganga wa Afrika kwa jina hilo, maana ya pili ndiyo iliyotamalaki.

Ekegusii hakina utata huo. Omorogi, jina lenye mzizi mmoja na kitenzi cha Kiswahili “kuroga”, ni mchawi. Omoragori, ambaye mara nyingi ni mwanamke, hupiga ramli kutambua chanzo cha maradhi. Omoriori hufichua vitu vinavyodaiwa kufichwa na mchawi. Omobari hupasua fuvu la kichwa ili kutibu.

Sheria ya Uchawi ya Kenya ya mwaka 1925 ilimtaja “witch-doctor” kama mtu anayejidai kuweza kuwatia wengine hofu au madhara. Hivyo basi, adui wa mchawi alivikwa sura ya mchawi. Tumtazame Moraa Ng’iti, anayekumbukwa kwa kumchochea Otenyo, aliyemchoma mkuki afisa Mwingereza, Northcote, Januari 1908. Simulizi za Abagusii humwita mtabiri na mganga. Tukimwita “witch-doctor”, upinzani wake wa kisiasa unageuka kuwa ushirikina mtupu.

Hata hivyo, istilahi za wenyeji nazo hazikosi hatari. Anayetafuta chanzo cha ugonjwa huenda akamtaja jirani. Mei 2008 watu 11 walioshutumiwa uchawi waliteketezwa Kisii; Oktoba 2021 wanawake wazee wanne waliuawa huko Marani. Sheria hiyohiyo iliharamisha kumshutumu mtu kuwa mchawi isipokuwa mbele ya wenye mamlaka. Kwa hiyo, mpaka kati ya omorogi na omoragori si suala la kamusi pekee; ni suala la uhai.

Kwa kuhitimisha, mfasiri au mhakiki anayeridhika na neno “witch-doctor” hufunika maswali ya msingi: nani anatibu, nani anashutumu, na nani anashutumiwa? Inafaa majina ya Ekegusii yabaki katika matini na yafafanuliwe moja moja, ili msomaji aone tofauti hizo kabla ya kutoa hukumu.