Nyuki wa Miteremko ya Ufipa

Uwanda wa juu wa Ufipa, unaoinuka kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa, umefunikwa kwa sehemu kubwa na nyasi, na historia ya ufugaji wa nyuki katika eneo hilo haieleweki bila kuanzia kwenye uchache huo wa miti. Katika karne ya 19 Wafipa walisifika kwa kufuma nguo za pamba na kuyeyusha chuma katika malungu, yaani matanuru marefu ya udongo yaliyoteketeza makaa mengi. Malisho mazuri ya nyuki yalikuwa pembezoni, kwenye miombo ya miteremko inayoshuka kuelekea maziwa hayo mawili, na katika msitu wa Mbizi ulio juu ya Sumbawanga.

Mtu aliyeanza kufuga nyuki katika miombo ya magharibi mwa Tanzania hakuwa na haja ya kununua kundi, kama afanyavyo mfugaji wa Ulaya, kwa kuwa nyuki walikwishakuwamo msituni na kilichokosekana ni makazi tu. Alichagua mti ulionyooka, akakata gome kwa kuzungusha shoka juu na chini, akalipasua kwa wima na kulibandua taratibu ili litoke zima, kisha akaunganisha kingo zake kwa vijiti vilivyochongoka na kuziba ncha kwa vifuniko, kimoja kikiwa na tundu la kuingilia. Ndani alipaka nta, ambayo harufu yake huwavuta nyuki wanaotafuta makao, akautundika mzinga juu ya mti na kusubiri. Gharama ya ustadi huo ilikuwa kubwa, kwani mti uliobanduliwa gome hufa.

Nyuki wenyewe, wa jamii ya Apis mellifera scutellata, huhama kufuata maua na maji, na wakisumbuliwa mno huyaacha masega na kuondoka. Ndiyo maana mfugaji mzoefu alitundika mizinga mingi, akijua kwamba mingine itabaki mitupu. Ukali na uhamaji wa nyuki wa Afrika ulijulikana duniani baada ya Warwick Kerr kupeleka malkia wao Brazili mwaka 1956. Kwa wafugaji wa Tanganyika zilikuwa tabia walizozizoea tangu zamani.

Serikali ya kikoloni, iliyothamini hasa nta kwa ajili ya kuuza nje, ilianzisha kitengo cha ufugaji nyuki mwaka 1949, na mtaalamu wake, F. G. Smith, aliwaainisha nyuki wa milimani kwa jina la monticola mwaka 1961. Baadaye yalienea masanduku ya mbao yenye fito ambazo masega huning'inia kwazo, hivyo mrinaji huinua ufito mmoja bila kubomoa mengine wala kuua mti. Hayo ni maendeleo ya kweli. Hata hivyo, sanduku jipya nalo hupakwa nta na kusubiri kundi, na likiwekwa katikati ya nyasi tupu, mbali na miombo inayochanua hasa kabla ya mvua, huenda likakaa muda mrefu bila nyuki.